Madam Benta na Katoni Mbili za Tambi

Benta Akoth alifundisha Sayansi Kimu miaka sita bila kujua kupika, na ukimwuliza atakuambia mwenyewe, kabla hujamaliza swali, kwamba hiyo ndiyo rekodi pekee aliyowahi kuiweka katika utumishi wa serikali.

Si kwamba alikuwa mwongo. Yote yaliyoandikwa aliyajua. Alijua vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kukinga magonjwa. Alijua ni vitamini gani hupotea mboga ikichemka kupita kiasi. Alijua hata kuchora ubaoni jiko la kuni lisilotoa moshi, kwa chaki za rangi tatu, picha nzuri hivi kwamba mwalimu mkuu aliwahi kukataza isifutwe. Lakini mpe jiko lenyewe, na moto wenyewe, na sufuria yenyewe, na punde si punde majirani watauliza ni nini kinachoungua.

Kosa, kama ni kosa, lilianzia kwao Ugenya. Alikuwa kitinda mimba mwenye kichwa cha shule, na kila aliposogelea jiko mamake alimfukuza kwa mwiko. "Nenda usome. Ugali hautakimbia." Akasoma. Chuoni alitaka kufundisha Muziki, darasa la Muziki likawa limejaa, akasukumwa Sayansi Kimu pamoja na wengine wawili waliochelewa kuripoti. Mtihani wa nadharia aliupita vizuri sana. Wa vitendo aliupita kwa sababu siku hiyo, kwa rehema za Mungu, walitahiniwa kushona vifungo.

Alipoajiriwa Ruiru, katika shule moja ya msingi isiyo mbali na Gitothua, alijibunia mbinu. Siku ya mapishi aliwagawa watoto katika makundi, akahakikisha kila kundi lina msichana mmoja anayepika kwao, kisha akasimama kando na fimbo yake ndefu akielekeza. "Sasa kitunguu kinageuka rangi. Kwa nini kinageuka rangi?" Watoto walijibu, kitunguu kikageuka, chakula kikaiva, na Madam Benta akaonja kwa kijiko safi na kusema, "Chumvi kidogo hapo." Alikuwa amegundua kwamba maneno hayo hayajawahi kumvunjia mtu heshima.

Nyumbani kwake, chumba kimoja cha mabati katika ploti ya vyumba kumi na viwili, hakukuwa na haja ya kupika. Asubuhi alikunywa chai kwa mkate. Mchana alikula chakula cha shule. Jioni alipitia kibanda kilichokuwa njia panda akala chapati na dengu, na Jumapili akala chapati na maharagwe, kwa kuiheshimu siku ya Bwana.

Aliyeijua siri yake ni mmoja tu, jirani yake Ndila, mama wa Kikamba aliyekuwa akichagua kahawa kwenye shamba kubwa la karibu. Vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na ukuta wa mbao hauzuii harufu.

"Mwalimu," Ndila alimwuliza siku moja, "hawa watoto wa watu unawafundisha kupika nini?"

"Nadharia."

"Hiyo inakuliwa na nini?"

Benta alicheka hadi akakaa chini. Ndivyo alivyokuwa. Akichekwa, hujiunga na wanaomcheka, na mara nyingi huwazidi.

Ukaja mwaka wa 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimepita na mashamba ya watu, mboga zilikuwa ghali, na Oktoba walimu wakagoma. Wiki ya kwanza Benta aligoma kwa moyo wote. Aliimba, akapunga matawi, sauti ikamkauka. Wiki ya pili mshahara haukuonekana, chakula cha shule hakikuwepo kwa kuwa shule yenyewe haikuwepo, ndipo akatambua kwamba mtu aliyezoea kula kibandani akikosa mshahara, huo si mgomo tena, ni mfungo.

Mwalimu mwenzake akamdokezea kwamba Thika, nyuma ya soko, kuna duka la mtu aitwaye Zaid. Anauza tambi za pakiti kutoka ng'ambo, zile za kuchemshwa dakika tatu, na bei yake ni kama ya kutupa. Kesho yake Benta akapanda gari akaenda.

Zaid alikuwa mwanamume mnene, mwenye kofia nyeupe ya kufumwa na maneno mengi. Alizishusha katoni kutoka rafu ya juu kabisa kwa kutumia ngazi.

"Hizi zinapikwa aje?" Benta akauliza.

"Unachemsha maji, mwalimu. Unatia tambi, unatia unga wa hiki kipakiti kidogo kilicho ndani. Dakika tatu."

"Halafu?"

"Halafu unakula."

Moyo wa Benta uliruka. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akikitafuta chakula cha namna hiyo bila kujua kwamba kipo. "Na kwa nini bei ni rahisi hivi?"

Zaid alitazama dari. "Zinaenda sana hizi. Watu wanazipenda, wacha tu."

Vumbi la juu ya katoni lilitosha kuandikia jina la mtu na la babake. Benta aliliona, maana jicho la mwalimu halipitwi na uchafu, lakini njaa nayo ina mawakili wake. Akajiambia ni vumbi la barabarani. Akachukua katoni mbili, pakiti themanini.

Jioni hiyo aliwasha stovu yake ya mafuta taa, akachemsha maji, akavua saa ya mkononi akaiweka mbele yake kama msimamizi wa mtihani. Dakika tatu zilipotimia akaepua. Tambi zilikuwa zimeiva. Hazikuungua, wala hazikushika chini. Benta alizitazama kwenye sahani kwa muda.

"Nimepika," akasema kwa sauti.

"Tumesikia," Ndila akaitika kutoka upande wa pili wa ukuta.

Siku nne alikula kama malkia. Siku ya tano, harufu ya kile kipakiti kidogo ikaanza kumwandama hata usingizini. Hapo ndipo elimu yake ilipoamka. Tambi, alijiambia, ni chakula cha kutia nguvu tu. Hakijengi mwili, hakikingi ugonjwa. Mwalimu wa Sayansi Kimu hawezi kufa kwa utapiamlo mbele ya chati yake mwenyewe. Akatoa daftari jipya la kurasa arobaini na nane, akapiga mistari ya safu nne: Chakula, Viambato, Hatua, Maoni.

Alianza na omena, kwa kuwa hao aliwajua tangu utotoni. Ila alisahau kwamba omena hukaangwa kwanza. Aliwatumbukiza wakavu kwenye tambi zinazochemka, na alipofunua sufuria, samaki wadogo zaidi ya hamsini walikuwa wakimkodolea macho kutoka katikati ya nyuzi, kama watu walionaswa kwenye wavu wakimlaumu yeye. Alikula akiwa amefumba macho. Kwenye safu ya Maoni akaandika: "Isirudiwe."

Kisha akajaribu chapati. Unga wa ngano ulikuwa kidogo, akaongezea tambi mbichi alizoziponda kwa chupa. Zilitoka chapati mbili, kila moja na uzito wa tofali. Moja akampelekea Ndila. Ndila akaigonga kwa kidole, ikalia.

"Mwalimu, hii ni ya kula ama ni ya kuweka chini ya mguu wa meza?"

"Meza yako inacheza?"

"Inacheza."

"Basi iweke hapo," Benta akasema, akarudi kwake kuandika Maoni.

Akala tambi kwa ugali, tambi zikiwa ndizo mboga, maana mtu wa kwao akikosa ugali hawezi kuapa kwamba amekula. Akazichanganya na sukuma wiki, zikawa kijani na chungu, lakini zikalika. Akazitia kwenye mayai mawili yaliyopigwa, akakaanga, na kwa mara ya kwanza kitu alichokitengeneza kikageuka upande wa pili bila kuvunjika. Safari hiyo Ndila hakuulizia meza. Alisimama mlangoni akafundisha: punguza moto, funika, usikoroge kila saa kama unatafuta kitu kimekupotea. Benta akaandika yote, hata hilo la kutafuta kitu.

Halafu, siku kipakiti cha unga kilipokuwa kimeshamchosha kabisa, alikitupa kando, akachemsha tambi kwa maziwa, akatia sukari na ndizi mbivu iliyopondwa. Alionja. Akaonja tena. Akatoka nje na bakuli bila kuvaa viatu.

"Ndila! Onja hii."

Ndila alionja, akaonja tena. "Aiya! Mwalimu, hii sasa ni chakula."

Benta alihisi kama ametunukiwa nishani. Tambi zenye sukari! Nani aliwahi kufikiria jambo kama hilo? Akafungua ukurasa mpya, akaandika juu kwa wino mwekundu, "Uvumbuzi wa B. Akoth," akapigia mstari mara mbili. Jumapili hiyo, mhubiri akihubiri, yeye alikuwa akitunga kichwani barua ya kuipelekea Wizara ya Elimu.

Mgomo ukaisha, shule zikafunguliwa. Mtaala wa darasa la saba ulikuwa umefika mahali palipoandikwa: kuandaa mlo kamili kwa gharama nafuu. Desturi ilikuwa watoto waje na vitu kutoka kwao, huyu nyanya, huyu kitunguu, huyu mchele kikombe kimoja. Lakini muhula huo nyumba nyingi zilikuwa zimekauka, na Benta hakuwa na moyo wa kumtuma mtoto kwa mama asiye na kitu. Akahesabu pakiti zake, zikawa hamsini na mbili. Alhamisi akabeba nusu yake shuleni kwenye kiondo, pamoja na mayai, karoti na sukuma wiki.

Siku hiyo hakushika fimbo. Alikunja mikono ya blauzi, akapiga magoti mbele ya mafiga matatu nyuma ya darasa, akapika yeye mwenyewe, mbele ya watoto arobaini na watatu. Alipopasua mayai, ganda moja likaingia ndani, akalitoa upesi akisema lina madini ya chokaa. Vile vipakiti akavikata vyote kwa meno, akamimina. Harufu ikasambaa hadi ofisini, na mwalimu mkuu, Bwana Erastus, akatokea akijifanya anakagua madirisha.

"Madam Benta, nasikia mnafanya practical."

"Karibu uonje, mwalimu."

Alionja sahani nzima. Watoto nao walikula wakivuta nyuzi kwa midomo, wakishindana nani ana ndefu. Benta alipita katikati yao kama mkuu wa mkoa. Ndipo akafika kwa Zahra.

Zahra alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwenye maksi nzuri na maneno machache. Sahani yake ilikuwa magotini, imejaa vilevile ilivyopakuliwa.

"Zahra, mbona huli?"

"Sisikii njaa, Madam."

"Asubuhi umekula nini?"

"Chai."

"Saa saba hii mtu wa chai hasikii njaa? Kula."

Zahra aliinamisha kichwa. Mwalimu mwingine angeachia hapo. Lakini Benta alikuwa amepika kwa mara ya kwanza maishani mbele ya watu, na mpishi mpya ni kama mama mpya, hataki kuambiwa mtoto wake ana kasoro. Akaligeukia darasa.

"Darasa, mtu anayechagua chakula tunasemaje? Kuchagua chakula kunaleta nini?"

"Utapiamloooo!" darasa likaitika.

"Umesikia, Zahra? Mnalia hakuna chakula, mkipewa mnakunja uso. Wengine wangefurahi."

Machozi yalimdondoka Zahra, yakaangukia kwenye sahani. Msichana wa kando yake akaichukua sahani taratibu akaiweka chini, na kengele ikalia.

Ijumaa asubuhi, kabla ya gwaride, mwanamke mwenye buibui jeusi na kikapu mkononi alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi ya walimu. Benta alimjua kwa sura. Huyo alikuwa Mwanaharusi, mama yake Zahra, aliyeuza viungo vya pilau na kaimati katika soko la Ruiru. Mwalimu mkuu naye alimwona, akakumbuka kuna bomba la maji la kutazama upande wa pili wa uwanja.

"Habari ya asubuhi, mwalimu," Mwanaharusi akasema.

"Nzuri, mama Zahra. Karibu."

Mwanaharusi hakukaa. Alitoa kikapuni pakiti tupu ya tambi na kile kipakiti kidogo kilichokatwa kwa meno, vitu alivyoviokota Zahra kwenye shimo la taka baada ya masomo. Akaviweka juu ya meza, akavinyoosha kwa kidole.

"Nisaidie kusoma. Mimi Kizungu changu ni cha sokoni. Hapa pameandikwa nini?"

"Ladha ya kuku," Benta akasoma.

"Kuku."

"Ndiyo. Kuku ni protini, ni chakula cha kujenga..." Alijisikia akiendelea, ulimi ukienda peke yake kama gari lililokatika breki. "...kujenga mwili na kurudisha chembechembe zilizo..."

"Mwalimu," Mwanaharusi akamkata, bila kupandisha sauti, "kuku huyo amechinjwa na nani?"

Benta aliigeuza pakiti, akatafuta nyuma, akatafuta pembeni.

Miaka sita amefundisha. Kuna ukurasa mzima kwenye kitabu cha kiada, ukurasa wa thelathini na moja, unaosema kwamba anayepanga mlo hana budi kuzingatia umri, afya, na dini ya walaji. Aliwahi kuutungia swali la mtihani, na Zahra alilipata.

"Sijui," akasema mwishowe.

"Hata mimi sijui. Hata mtoto hajui. Ndiyo maana hakukula."

"Lakini angeniambia, mama Zahra! Angesema neno moja tu."

Mwanaharusi akatikisa kichwa. "Hata mimi nilimwuliza hivyo. Nikamwambia, kwa nini hukumwambia mwalimu? Unajua alinijibu nini? Alisema, Madam alikuwa na furaha sana, mama. Hajawahi kutupikia. Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu."

Nje, kiranja alikuwa akipiga kengele ya gwaride. Benta alihisi uso ukimwaka hadi masikioni. Mtoto alikubali kukaa na njaa na kuitwa mchagua chakula ili mwalimu asiaibike, na mwalimu akamlipa kwa kumwaibisha mbele ya watoto arobaini na wawili, tena kwa kibwagizo.

"Nilikuwa mjinga," akasema. Kwa kawaida alisema hivyo akicheka, ikawa ni mzaha wa ofisini. Safari hii kicheko hakikuja.

Hakungoja kipindi chake. Aliomba dakika tano za somo la Hesabu, akaingia darasa la saba pamoja na Mwanaharusi nyuma yake.

"Jana," akawaambia watoto, "nilisema Zahra anachagua chakula. Nilikosea. Zahra alikuwa na sababu nzuri, na mimi sikuuliza. Mwalimu wenu wa Sayansi Kimu alisahau ukurasa wa thelathini na moja. Zahra, nisamehe."

Zahra aliangalia dawati lake. Halafu akasema, polepole, "Si kitu, Madam." Mvulana mmoja wa nyuma alikuwa ameshafungua kitabu kuthibitisha kama kweli ni ukurasa wa thelathini na moja.

Walipotoka, Mwanaharusi aliifunga vizuri ile pakiti tupu. "Jana jirani alinisomea maandishi yote. Tambi zenyewe hazina neno, ni unga na mafuta ya mimea. Shida ni hiki kipakiti. Umezinunua wapi?"

"Thika. Kwa mtu mmoja mnene anaitwa Zaid. Aliniambia watu wanazipenda sana."

Mwanaharusi alisimama kama aliyekanyaga mwiba. "Zaid wa nyuma ya soko? Mwenye kofia ya kufuma?"

"Huyo."

"Huyo ni kaka yangu! Mwaka mzima hizo tambi ziko kwa rafu. Sisi wote tulikataa kuzinunua kwa ajili ya hicho kipakiti, na yeye mwenyewe hazili!" Akashika kiuno, mabega yakaanza kumtikisika, na Benta akaona kwamba anacheka. "Alipanda ngazi, sivyo?"

"Alipanda ngazi."

"Lahaula! Njoo kwangu kesho, mwalimu. Zilizobaki uje nazo, vipakiti uviache."

Kwa Mwanaharusi kulikuwa na vyumba viwili na ua mdogo uliosakafiwa, ambapo mama mkwe wake, Bi Ikhlas, alikaa juu ya mkeka akichambua iliki. Jumamosi hiyo Benta alikalishwa mbele ya kinu kidogo cha mbao akapewa mchi. Akatwanga bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini na karafuu, akapiga chafya mara tisa, akatwanga vidole viwili. Mwanaharusi alimwonyesha jinsi ya kukaanga kitunguu hadi kiwe rangi ya hudhurungi, na Benta, aliyekuwa ameeleza miaka sita kwa nini kitunguu hugeuka rangi, akagundua kwamba hakuwahi kungoja hadi kigeuke. Walitia nyanya, kitunguu saumu, tangawizi, viungo alivyovitwanga, kisha tambi zilezile za Zaid. Harufu yake haikuwa na udugu wowote na ile ya kipakiti.

Walipokwisha kula, Benta alishiba akapata ujasiri. Akatoa daftari mkobani.

"Mimi nami nina kitu cha kuwafundisha," akasema. "Ni uvumbuzi wangu mwenyewe. Msicheke. Unachukua tambi, badala ya chumvi unatia sukari. Na maziwa. Zinakuwa tamu kabisa!"

Mwanaharusi alimtazama mama mkwe wake. Bi Ikhlas akaweka chini sinia la iliki. Zahra, aliyekuwa akiosha vyombo, akageukia ukutani.

"Umevumbua lini?" Bi Ikhlas akauliza kwa upole.

"Mwezi uliopita."

Bikizee alimwita mjukuu wake, akamnong'oneza. Zahra aliingia ndani akatoka na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na tambi nyembamba, za rangi ya dhahabu, zilizokaangwa kwa samli zikapikwa kwa sukari na tui, zimenyunyiziwa iliki na zabibu kavu. Zilikuwa za jana, zimepoa. Benta alitia kijiko mdomoni, na ilimbidi afumbe macho, si kama siku ya omena.

"Nilifundishwa na nyanya yangu," Bi Ikhlas akasema. "Na yeye alifundishwa na nyanya yake. Idd bila hii, watoto wanalia."

Benta alitazama bakuli. Akatazama daftari lake, wino mwekundu, mistari miwili. Kisha akamwomba Zahra kalamu, akakata maneno "Uvumbuzi wa B. Akoth," akaandika juu yake, "Umechelewa." Hapo hata Bi Ikhlas alishindwa kujizuia. Walicheka wote wanne mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna habari gani njema.

Wiki iliyofuata darasa la saba lilirudia somo. Mwanaharusi alifunga kibanda chake saa mbili asubuhi, akaja na kinu na mchi. Benta alimwomba ruhusa mwalimu mkuu, naye Bwana Erastus, ambaye bomba lake la maji lilikuwa limeshatengemaa, alikubali mara moja na kuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Watoto walitwanga kwa zamu. Benta alikoroga alipoambiwa kukoroga na kuacha alipoambiwa kuacha. Wakati wa kupakua, sahani ya kwanza aliipeleka yeye mwenyewe kwa Zahra, lakini hakusimama kungoja. Alienda upande wa pili, akajishughulisha na mafiga. Alipogeuka, Zahra alikuwa kwenye foleni ya kurudia.

Pakiti zote zilikwisha siku hiyo, na Benta hakununua nyingine. Hakurudi pia kibandani, isipokuwa Jumapili. Alipika vibaya miezi kadhaa, kisha akapika wastani, na huko kwenye wastani amebaki hadi sasa bila kinyongo. Kila muhula alimwita mzazi mmoja aje afundishe anachokijua: Ndila alikuja na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, mama mwingine akaja na irio ya viazi vya kuponda, na Madam Benta akaketi kwenye dawati la mbele na daftari lake, akiinua mkono kuuliza maswali ambayo watoto walijua majibu yake.

Januari ya 1999, Idd ilipofika, aliitwa kwa Mwanaharusi kusaidia jikoni. Zaid alikuwepo pia. Alipomwona Benta alipotelea chumbani, akatolewa na dadake kwa kuvutwa kanzu, akaomba radhi huku akitazama dari. Benta alimwambia asijali, maana vumbi aliliona mwenyewe. Wanawake wakampa sufuria ya tambi azikaange. Alizikaanga akiwa amekaza macho, hakuongea na mtu, na bado upande mmoja ukapitiliza ukawa mweusi. Bi Ikhlas alichota kidogo kutoka upande ule mwingine, akatafuna bila haraka.

"Zinalika," akasema.

Benta akauliza kama anaweza kupewa maneno hayo kwa maandishi, apeleke chuoni. Kisha wakamsogezea rundo la sufuria za kuosha, akapandisha mikono ya gauni, akaanza na ile aliyoiunguza.